Msumari wa Saba

"Nataka buti za kuvukia mlima, fundi," mgeni alisema. "Zisizoogopa mawe."

Tunu akampa jozi tatu. Mgeni akazikunja soli, akazigonga visigino, akachagua nyeusi.

"Vua hizo ulizovaa, kaka, nikupime vizuri."

Akavua, akazitupa kando. Zikaanguka soli juu. Kisigino cha kushoto kilikuwa na misumari sita. Tunu hupigilia saba, ila siku alipomshonea mumewe buti hizo misumari ilimwishia. Mume akacheka, akasema wa saba utamsubiri akitoka safari. Hakurudi.

"Hizo umezipata wapi?"

"Kuna jamaa tulimkuta njiani. Mbishi kweli. Alikufa kang'ang'ania kamba za buti zake."

Tunu akapiga magoti, akauweka mguu wa kushoto wa mgeni juu ya ubao wa kupimia. Akatoa msumari mmoja kati ya ile aliyoibana midomoni.

"Tulia, kaka."

Nyundo ilishuka mara moja. Msumari ukapita nyama ukazama kwenye ubao, na yowe la mgeni likanyamazisha mtaa mzima.

"Huo ndio wa saba," Tunu alisema, akatoa mwingine. "Sasa lete wa kulia."