Msasa wa Forodha

Mashine ya forodha iliipapasa mbuzi ya kukunia nazi, ikawasha taa nyekundu.

"Dada Salha, hapa pana mikono ya mtu mwingine," afisa alisema. "Anayehamia ng'ambo hutoka na vyombo vilivyozoea mikono yake mwenyewe tu."

"Ni ya mama yangu. Amefariki."

"Basi aliyefariki hahami." Akamsukumia kipande cha msasa. "Sugua. Wenzio wote wanasugua."

"Nimfute mama yangu, kaka? Wewe wako ulimfuta?"

Afisa alitazama pembeni. Foleni ikaguna. Salha akasugua kwa hasira, mpaka kile kibonde alichokichimba mama kwa miaka ya kukaa kikawa bapa. Taa ikageuka kijani.

"Sasa ni yako."

Salha akaikalia palepale sakafuni, akahisi amekalia kitu cha dukani.