Paa la Mzee Mbaruku

Mahali pa msumari wa inchi nne, Bartolomayo alipigilia wa inchi mbili na nusu, akakizamisha kichwa chake ndani ya mbao ili mtu asione tofauti.

Alikuwa juu ya kenchi, zile mbao zinazobeba bati, jua la kijiji cha Zuzu likimchoma mgongo, na roho yake imetulia tuli. Hakuna fundi paa wa Dodoma asiyeujua upepo wa mwezi wa nane. Unakuja na uwanda wote bila kizuizi, unaingia chini ya bati, unanyanyua. Ndiyo maana mafundi huacha waya mnene kwenye zege la ukuta, uje kufungwa kwenye kenchi na kukazwa kwa plaizi. Bartolomayo aliuzungusha waya huo mara moja tu, akaulegeza, akauficha nyuma ya ubao wa pembeni.

"Waya umefunga, fundi?" mzee Mbaruku aliuliza kutoka chini.

"Nimefunga, mzee wangu. Huu hata tembo haung'oi."

"Haya."

Mzee alisimama kitambo akitazama juu, mkono ukikinga jua, kisha akarudi kuketi kwenye tofali lake.

Huyo Mbaruku, kabla mgongo haujampinda, alikuwa mwashi. Miaka sita iliyopita alijenga jiko la nyumba moja ya kupanga kule Chang'ombe, hapahapa Dodoma. Palipotakiwa mifuko mitatu ya saruji alitia mmoja, miwili akaiuza. Mvua kubwa ya kwanza ikaulaza ukuta. Evodia, mke wa Bartolomayo, alikuwa humo akisonga ugali. Bartolomayo alikuwa kazini Kondoa. Aliporudi alikuta watu wamejaa uani kwa msiba na fundi ametoroka. Hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Alibaki na jina lake tu, na chuki ambayo haikupungua hata siku moja.

Basi mwezi uliopita mzee mwenye jina hilo akashuka kwenye bajaji mbele ya karakana yake. Mafundi wa Zuzu wote alikuwa amewapita bila kuwauliza. Bartolomayo aliona ni Mungu mwenyewe amemshika mzee mkono akamleta. Alimwamkia kwa adabu, akasema anaitwa fundi Barto, akaikubali kazi.

Kitu kimoja tu kilimnyima usingizi: watoto wa mzee. Sabiha, binti mkubwa wa mzee, alipoleta chai, Bartolomayo akajifanya anatania. "Dada, chumba kimoja hiki mtaenea kweli?"

"Sisi tunabaki mjini, Area D, fundi. Baba amekataa tusilale hapa hata siku moja. Nimelia, nimeita mpaka wajomba, hasikii." Akafuta macho kwa ncha ya mtandio.

Bartolomayo alishusha pumzi. Safi kabisa. Atakayeangukiwa ni mmoja tu, na ndiye aliyemtaka.

Alasiri akapigilia bati la mwisho, akashuka, akakusanya vifaa vyake. Raha aliyoisikia hakuwahi kuionja tangu siku ile alipopigiwa simu akiwa Kondoa.

"Nimekuachia paa la kudumu, mzee."

Mbaruku aliinuka kwa shida. Alilitazama paa tena, kona hadi kona, kama mtu anayekagua kazi ya mwenzake na kuridhika nayo.

"Nimejenga miaka thelathini, mwanangu," alisema taratibu. "Msumari mfupi naujua kwa mlio wa nyundo tu."

Mfuko wa vifaa ulimponyoka Bartolomayo mkononi.

"Okota vifaa vyako uende salama. Mwaka mzima nimekutafuta, mume wa Evodia."

Akaingia ndani, akatandika mkeka wake katikati ya chumba, akalala chali.