Kupe wa Milango Miwili

Pua ya Kabugho haijawahi kumkosa mwizi. Ndivyo alivyowaambia watu wa kijiji chake cha Bwera siku walipomchagua mwenyekiti. Mara ile ya kuku haihesabiki: mwizi alikuwa mume wake, na pua ilikuwa na mafua.

Msimu wa mvua wa mwaka 2015, pua ilikuwa imemshika Sosthène, fundi aliyekimbia mauaji ya upande wa Beni, Kongo, pamoja na mkewe, Jeanine, wakajenga banda la kazi karibu na soko. Barua ya kumrudisha ng'ambo ya daraja la mpakani ilikuwa tayari mkobani mwa Kabugho. Ilikosa sahihi tu.

Mshtaki alikuwa Tefiro, mtoto wa kaka yake, mwenye gereji kule Muhokya. Tefiro alikuwa ameunda gari la spoti: milango miwili, viti viwili, pua imeinama kama inanusa lami, injini nyuma. Aliliita kupe, akasema ni kwa sababu linang'ang'ania barabara. Sasa Sosthène, aliyewahi kumfanyia kazi miezi miwili, naye alikuwa amefungia kupe wake bandani Bwera, na waliochungulia walisema kupe hao wawili ni mapacha.

Kabugho alikuwa Muhokya kumwona kaka yake. Tefiro akampitia, ashuke Bwera ndani ya huyo huyo kupe, ajionee mwenyewe.

Akajionea. Hakuwa amepanda gari lenye adabu namna ile. Tundu la ufunguo lilikuwa kwenye mlango wa kushoto peke yake, kwa hiyo Tefiro alimfungulia shangazi yake kwanza, kisha akainama na kuufungua wa kwake kwa ndani. Kiti cha Kabugho kilisogea mbele na nyuma kwa kuvuta kichuma. Cha Tefiro, kule kulia penye usukani, kilikuwa kimepigiliwa, magoti yakamfika kidevuni.

Walipopita Kikorongo mvua ikamwagika. Waipa ilikuwa moja tu, nayo ikafuta kioo cha mbele ya Kabugho hadi kikang'aa kama sahani ya mgeni. Mbele ya dereva palikuwa maji matupu. Tefiro aliendesha shingo imepinda, kichwa karibu kulala begani kwa shangazi yake, na wauza nanasi waliosimama njia panda wakatazamana.

"Abiria kwanza, Shangazi," alisema. "Gari za watu wengine zimejaa ubinafsi."

Kabugho alifurahi. Mtu anayemheshimu abiria hivyo hawezi kuiba hata msumari.

Njiani Tefiro alimweleza jinsi uzito wa nyuma unavyoyafanya magurudumu yaume barabara kwenye kona, na jinsi kila kipimo kilivyotoka kichwani mwake. Ushahidi ulikuwa daftari la michoro, tarakimu tupu, halina jina la mtu. Ukurasa mmoja ulikuwa umenyofolewa. Tefiro alisema uliliwa na mbuzi. Kabugho alimjua mbuzi huyo, alishawahi kumlia kitenge kwenye kamba, akakubali.

Bwera walimkuta Sosthène amenawa mikono. Fundi anayenawa saa nane mchana, Kabugho aliwaza, ana kitu cha kunawa. Jeanine akaleta chai. Hongo hiyo. Kabugho akainywa yote, ili isije ikamshawishi mtu mwingine.

Watu wakajaa kwenye baraza la banda. Wanande wa kina Sosthène na Wakonzo wa kina Kabugho ni ndugu: lugha moja, majina yale yale, muhogo ule ule. Mto Lhubiriha tu umewagawa, ng'ambo wana serikali yao na upande wao wa barabara, wa kulia. Kabugho aliona hilo linamrahisishia kazi, maana mwizi wa ndugu hunuka kama mwizi wa nyumbani.

Tefiro alisema kwa kirefu jinsi alivyoibiwa umbo la gari lake. Alitaka Sosthène arudishwe Kongo leo leo, kabla daraja halijafungwa. Jeanine akaliweka birika chini polepole. Kijiji walichokiacha huko hakikuwa tena na nyumba.

Sosthène alifungua banda. Alifunua turubai. Pua ile ile, mkia ule ule, hata waipa moja ile ile. Watu wakaguna. Kabugho akatoa kalamu.

"Mama Mwenyekiti," Sosthène alisema, "mbele usaini, ingia kwanza. Uikale mu kiti."

Hila, Kabugho aliwaza. Lakini paa la baraza lilikuwa linamvujia kilembani, na barua ilikuwa inalowa. Akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa kushoto, kama alivyozoezwa njiani, na tundu la ufunguo lilikuwa pale pale. Wizi mtupu. Akaingia anavyoingia siku zote, makalio kwanza, uso nje, barua kaikumbatia. Mkono ukakitafuta kichuma chini ya kiti, ukakipata pale pale. Akakivuta huku akigeuka.

Kiti kikaruka mbele. Kifua kikagonga kitu, na honi ikalia.

Sosthène alinyoosha mkono akawasha waipa. Ikafuta kioo mara moja, mara mbili, safi kama sahani ya mgeni. Kabugho alikuwa ameshika usukani, huko huko kushoto, kwa mikono yote miwili, na barua imemwangukia miguuni, juu ya breki. Kupitia kioo alimwona Tefiro vizuri sana.

Akafunika kalamu.

"Tefiro mwanangu," aliita, "ule ukurasa ulioliwa, ulikuwa umechorwa nini?"

"Shangazi," Tefiro akaanza, "yule mbuzi..."