Chai ya Mwisho wa Mwezi

Ramazani fundi aliweka bahasha mezani, akabaki amesimama.

"Mama, leo nimeleta yote. Deni la cherehani liishe."

Mjane mwenye nyumba alikuwa ameshammiminia chai. Alimuuzia cherehani ya marehemu mumewe kwa malipo ya kidogo kidogo, na kila mwisho wa mwezi alimpa kikombe kilekile chenye mkono uliovunjika, wakazungumza mpaka chai iishe.

"Yote? Si tulipatana mpaka Krismasi?"

"Nimepata kazi ya sare za shule."

Uongo. Alikuwa ameuza baiskeli yake.

Jana vijana wa njia panda walimshika begani. "Kwa ule Mtutsi, kila mwezi unaendaga kufanya nini?" Ilikuwa Machi 1994, mtaa wa Rwezamenyo, na swali kama hilo mtu hakungoja aulizwe mara ya pili.

Mjane alimtazama, kisha akautazama mlango ambao Ramazani aliuacha wazi. Akatoa noti moja katika bahasha, akamsogezea.

"Hii utaniletea mwezi ujao, mwanangu. Deni likiisha lote, nani atapiga hodi hapa?"

Chai ilikuwa bado inatoa mvuke. Nje, mtu alipiga mluzi.

Ramazani aliikunja ile noti, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama ukucha. Akaisukuma chini ya kikombe, kikombe bado kimejaa, akatoka bila kuaga.