Mashimo ya Muhanga

Muhanga, mla mchwa, alichimba mashimo, akawaachia wanyama wenzake bure. Ngiri alilala humo, Nungunungu akalea watoto humo. Walimjia kwa jambo moja tu: "Mzee, mlango wangu umebomoka, fanya haraka!" Kwa kazi hiyo hakupata muda wa kujitafutia chakula, na hakuna aliyemwuliza amekula nini.

Siku moja walimkuta amelala, mbavu nje, hawezi hata kuinua kucha.

"Ngiri, kwani humletei mchwa?" Nungunungu alifoka.

"Mimi? Nilidhani unamletea wewe!"

Wakakimbilia kichuguu. Kigumu kama jiwe. Wakakipiga kwato, wakakiuma kwa meno, wapi! Aliyejua kukibomoa alikuwa Muhanga peke yake.

Kwa aibu hawakurudi. Muhanga alibaki ametega sikio mlangoni, akitamani walau mmoja aje kulalamika.