Kipimo cha Matumbo ya Kuku

Millicent aliagiza matumbo ya kuku kwa makusudi.

Mgahawa ule wa Wafilipino pale mtaa wa Najma ulipambwa ufanane na kona ya barabara huko kwao: toroli la mbao katikati ya chumba, stuli za plastiki, mishikaki ikichomwa mbele ya macho ya wateja. Yeye na Melissa walikaa ghorofani, upande wa familia, nyuma ya pazia. Wakenya hawakuzoea kufika hapo. Mtu aliweza kusema jambo lake bila Doha nzima kulijua kabla ya magharibi.

Millicent alikuwa amezaa watatu, na jambo moja alilijua kwa hakika: mwanamke mwenye mimba hawezi kustahimili harufu ya matumbo yakichomwa. Basi akamsukumia msichana sahani, mishikaki sita iliyojikunja, na kando yake bakuli la siki yenye vitunguu na pilipili. Akangoja.

Melissa aliitazama sahani, kisha akairudisha.

"Mimi sili matumbo, Mama Ronny. Hata nyumbani sikuwa nakula."

"Harufu inakusumbua?"

"Kidogo."

Basi ni kweli.

Walikuwa wakifanya kazi katika hoteli moja kule West Bay, Melissa kwenye chumba cha kufulia, Millicent akisimamia wasafishaji, na usiku walilala chumba kimoja na wasichana wengine wanne. Wiki mbili sasa Melissa alikuwa akiulizauliza kwa kunong'ona. Ni kliniki gani haidai cheti cha ndoa? Mtu akitaka kusafiri haraka aanzie wapi? Mnong'ono ulimfikia Millicent, maana katika jengo lile hakuna kilichompita, na tangu siku hiyo alikuwa na hofu. Mwaka uliopita msichana wa chumba cha jirani alikwenda hospitali na tumbo lake, cheti hana. Alichukuliwa na polisi angali na yunifomu ya kazi. Sanduku lake bado lilikuwa chini ya ngazi, na hakuna aliyethubutu kulihamisha.

Millicent alichovya mshikaki kwenye siki akala. Akachukua wa pili. Sahani ilipobaki na vijiti vitupu, akamwita mhudumu amletee siki nyingine. Mfilipino yule, mama wa makamo, aliweka bakuli mezani, akamtazama na kutabasamu kama mtu anayetaka kutoa pongezi, kisha akaenda zake.

"Siku hizi unakula vizuri," Melissa alisema polepole.

"Ni wasiwasi. Wengine hukonda, mimi hula."

"Na usingizi pia. Juzi ulilala kwa basi mpaka tukakuamsha."

"Kazi hiyo. Ukifika umri wangu utaelewa."

Melissa alikunja kitambaa cha karatasi, akakikunjua. "Na Philip? Amepiga simu tangu arudi Uganda?"

Millicent aliacha kutafuna vitunguu vya siki. Philip alikuwa dereva wa basi la wafanyakazi, mtu wa kanisa, mpole, na kwa mwaka mzima walikuwa wakisali pamoja. Mkataba wake uliisha Januari. Tangu hapo namba yake haipatikani. Jambo hilo lilimuuma, tena sana, lakini halikuwa la kuzungumza na mtoto aliyelingana na Ronny wake.

"Tusihamie kwa watu wengine," alisema. "Leo tuko kwako."

"Kwangu?"

"Mficha uchi hazai, mwanangu. Sikukuleta hapa nikuhukumu. Najua vile wanaume wa hapa hukaa. Akiwa na wewe ni sala na zawadi, shida ikiingia hapatikani." Aliinama mezani, akashusha sauti. "Sikiza. Nimeongea na mkubwa wa ofisi. Nimemwambia kuna mfanyakazi wangu amefiwa. Amekubali kusaini ruhusa ya kutoka nchini, mtu mmoja tu, na hataniuliza maswali. Kesho nampelekea jina. Ukingoja mwezi mwingine itaonekana, na hapo hata mimi sina la kukufanyia. Utazalia jela, Melissa. Unanielewa?"

Melissa alianza kulia. Alilia bila sauti, kichwa chini, na Millicent akaushika mkono wake, akaona afadhali. Machozi ni nusu ya kukiri. Sasa angemfungia sanduku, angempeleka uwanja wa ndege yeye mwenyewe, na mama yake msichana asingejua jinsi ilivyokuwa karibu.

"Wasichana walikataa kusema," Melissa alisema mwishowe. "Wote wanakuogopa. Wakasema niseme mimi, kwa sababu unanipenda."

"Useme nini?"

"Sikuwa naulizia mimi, Mama Ronny." Alipangusa macho kwa kile kitambaa cha karatasi. "Hiyo ruhusa, kesho peleka jina lako."

Millicent alitaka kucheka. Mjane wa miaka arobaini na sita! Mambo ya kila mwezi yalikuwa yamekoma tangu Desemba, naye akamshukuru Mungu kwamba utu uzima umemfikia bila maumivu. Akafungua kinywa amweleze mtoto huyu jinsi mwili wa mwanamke unavyozeeka.

Ndipo kitu kikampiga teke dogo, kutoka ndani.