Kamba Mbili Ukingoni mwa Machimbo

Wakiuru alimpiga mwenye duka ngumi ya mdomo, akamtupia kamba mbili miguuni, pale ukingoni mwa machimbo ya mawe ya Gatitu. Zote zilikuwa za kupandia mlima, nyekundu, mpya.

"Moja nimenunua kwako jana, kama ile ilikatika na msichana wangu huko juu mlimani, akaanguka. Ingine nimepewa na waokoaji. Chagua ya kushuka nayo."

"Mama, wacha hasira. Hizi ni sawa. Mimi huuza tu, sijui vile zinatengenezwa."

"Basi chukua yoyote." Akainua panga.

Mwenye duka alitema damu, akapiga magoti. Hakuangalia rangi wala lebo. Aliikunja kamba ya kwanza kati ya vidole viwili nayo ikalala bapa kama utambi, maana ndani ya lile ganda jekundu hamkuwa na kitu ila nyuzi za magunia. Akaisukuma kando. Ya pili ilikataa kulala. Ilibaki na tundu la mviringo pale ilipokunjwa, imeshiba nailoni iliyosokotwa ikakazwa. Hiyo akaifunga kiunoni mara mbili, haraka.

Wakiuru alimngoja mpaka akakaza fundo.

"Kumbe unajua," alisema.

Akaikata ile kamba nzuri palepale kiunoni, panga likachukua shati na ngozi kidogo. Mwenye duka akalia. Wakiuru aliinama, akaiokota ile nyingine.

"Inua mikono nikufunge."